Nsimire na Safu ya Mbele

Kila asubuhi, kabla ya shule, Nsimire alichota maji bombani, akanawa uso, kisha akaketi kizingitini mwa nyumba yao hapa mtaani Kadutu. Mama yake alichovya kidole katika kibuyu cha siagi ya ng'ombe iliyotoka kijijini Mumosho, akampaka usoni polepole. Siagi ikiwa bado inayeyuka, aliuliza swali lake la siku zote: "Jana ulifanya nini? Sema yote."

Nsimire alijibu kweli. Siku nyingine lilikuwa jambo la kujivunia, siku nyingine la aibu. Hakuchapwa kwa jibu lolote, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kizingiti.

Miaka hiyo nchi iliitwa Zaïre, na shule zilikuwa na vikundi vya kuimbia chama kilichotawala na kukichezea ngoma. Nsimire, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeanzisha nyimbo. Sauti yake ungedhani inafika mpaka ziwani. Lakini sikukuu ya chama ilipokaribia, Citoyen Bulonza, kiongozi wa kikundi (watu wazima wote waliitwa citoyen, yaani raia), alipanga safu upya.

"Wale wa ngozi ya kungaa, mbele. Weye Nsimire, nyuma. Wageni hawakuje kuangalia makaa."

Wenzake walicheka. Tazama mambo hayo! Wimbo wenyewe ulisema tusione haya kuwa watu wa kwetu. Nsimire alikasirika sana, lakini hasira yake ilipotea njia: badala ya kumwelekea Bulonza, ilielekea kioo.

Binamu yake Eulalie, aliyeishi nao, alikuwa na uso mweupe na vidole vyeusi kama zamani. Alimpa Nsimire kikopo cha pomadi ya kujichubua. "Pakaa kidogo kidogo. Siku ya fete utakuwa mbele."

Tangu hapo Nsimire hakuketi kizingitini. "Maman, nachelewa!" alisema akipita mbio. Alijua kwamba siagi ingefuatwa na swali. Haukupita muda, ngozi ya mashavu ikaanza kuwasha, kisha kubambuka. Akitembea juani alitamani kulia.

Asubuhi moja mama alimshika mkono, akamketisha kizingitini. "Ikala hapa." Alipoyaona mashavu yale, machozi yalimlengalenga, lakini hakupiga kelele. "Jana ulifanya nini? Sema yote."

"Nilipakaa pomade ya Eulalie, maman. Nilitaka nikuwe mutu mwengine."

Mama alimpeleka zahanati. "Hii pomade inakula ngozi," muuguzi alisema. "Ukiacha sasa, itapona. Ukiendelea, hapana." Kikopo kikatupwa chooni siku hiyohiyo.

Siku ya sikukuu Nsimire alikuja na mabaka usoni, yaking'aa kwa siagi. Akasimama katikati ya safu ya mbele.

"Nilikuambia nyuma!" Bulonza alifoka.

"Hapana, citoyen." Nsimire aligusa shavu lake. "Tunaimba tusikatae kwetu. Huu uso ndio kwetu. Nitaanzisha wimbo hapa mbele, ao siuanzishe."

Wageni walikuwa wameshaketi. Ngoma zikalia, zikanyamaza, zikalia tena, na hakuna aliyeanzisha wimbo. Kisha wasichana wawili wa safu ya nyuma wakaja kusimama kando yake. Bulonza aliwatazama wageni.

"Basi, imba," alisema.

Akaimba! Hata wauza samaki waliokuwa wakipita barabarani walitua mabeseni yao kumsikiliza.

Kesho yake, kizingitini, swali lilikuja pamoja na siagi.

"Nilibishana na mukubwa mbele ya watu," Nsimire alijibu.

"Unajuta?"

"Hapana, maman."

"Miye pia sijute," mama alisema huku akicheka. "Mukubwa tunamuheshimu, lakini uso yetu hatumupe. Mukataa kwao ni mutumwa, mwanangu. Na mutu mwenye hajiulize kila siku yeye ni nani, wengine watamujibia."

Alipochovya tena kidole kibuyuni, aligeuka. Eulalie alikuwa amesimama nyuma yao, amenawa uso, akingoja zamu yake.