Nani Alikufungulia Nyama?

"Namunyak, hilo halitafunwi!"

Nilikuwa nimeshika kitu cheupe kimekunjwa vizuri, kinatoa mvuke, kimeletwa na mhudumu wa ndege kwenye kisahani. Kwetu mtu akikuletea kitu cha moto kwenye sahani, ni chakula. Salaash alicheka mpaka abiria wa mbele akageuka.

"Ni taulo. Futa uso na mikono, halafu unamrudishia."

"Sasa si waseme?"

"Wamesema. Kwa Kiingereza."

"Na wewe ulipoletewa mara ya kwanza ulifanyaje?"

Akageukia dirisha, akajifanya anatazama taa za Dar es Salaam zikibaki chini. Nikajua naye aliling'ata.

"Salaash!"

"Kidogo tu," akasema. Tukacheka wote wawili, na mimi nikajiambia, Mungu wangu, huyu ndiye nitakayezeeka naye.

Tulikuwa daraja la biashara, jamani. Mimi, Namunyak, fundi cherehani wa Korogwe, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Tanga mjini kununua vitambaa. Kiti kilikuwa kipana kama kitanda cha gesti, na ukibonyeza kitufe kinakuwa kitanda kweli. Kulikuwa na blanketi, soksi, hata mswaki. Soksi nilizitia kwenye mkoba dakika ileile, za mama.

"Na wale waliopita kwenda nyuma?" nikauliza.

"Hao wanakaa wima mpaka asubuhi. Mke wangu hawezi kukaa huko."

"Bado sijawa mke wako."

"Jumamosi."

Alilisema hilo neno taratibu, huku ameshika vidole vyangu. Jumamosi ile tulikuwa tufunge ndoa kanisani, huko huko Ujerumani, mbele ya Mchungaji Nelson, Mtanzania aliyekuwa akihudumu kule. Salaash alikuwa na wanunuzi wake wa mawe. Siku zile serikali ilikuwa imeshafungua biashara, na kijana aliyechunga ng'ombe nyika za Handeni aliweza kununua mawe ya vito Kalalani na kuyauza mwenyewe Ulaya. Salaash alikuwa mmoja wa hao. Alianza na ndala, sasa alivaa suti.

Tulipendana tangu nikiwa sekondari. Mimi nilimpa sharti moja tu, na nililirudia kila mwaka kama wimbo wa taifa. Mimi ni Mkristo, nataka ndoa ya mke mmoja. Ukiwa na mwingine, au ukimtaka mwingine, niambie niende zangu. Kila mwaka alijibu, "Sina mwingine." Kwa jibu hilo nilimkataa Stefano, tabibu wa zahanati kule Bungu, mtu mzuri aliyekuja kwetu na wazazi wake wakiwa wamevaa viatu vipya.

Mama alikuwa ameniuliza kabla sijaondoka, "Mbona harusi ifungwe mbali hivyo? Harusi ya mbali nani atasema aliiona?"

Nilimjibu kwa jeuri. "Mama, wivu huo." Salaash alikuwa ameniambia tukifungia nyumbani ukoo mzima utatuingilia. Tukirudi tutafanya karamu. Niliona maneno ya mtu aliyesoma dunia.

Chakula kikaja. Mhudumu akatandaza kitambaa mezani, akauliza tunataka kuku, samaki au nyama ya ng'ombe. Mimi nikasema kuku.

"Nyama," akasema Salaash.

Akaweka sahani, akaondoka. Salaash akakata kipande, akatia mdomoni, akaendelea kuongea.

"Jumamosi mchana tutapiga picha mtoni. Kuna daraja pale, zuri sana. Halafu Jumapili..."

Sikusikia habari ya Jumapili. Nilikuwa natazama kile kisu kikikata kipande cha pili.

Niseme jambo hili kwa asiyelijua. Kwetu morani hali nyama mbele ya mwanamke mtu mzima. Wanaume wanakwenda kula peke yao. Hata akivuka umorani, mwiko unabaki naye mpaka siku ya kufunguliwa, na anayemfungua ni mmoja tu, mkewe. Wazee wamekaa, mke anachukua kipande cha nyama, anamlisha mumewe kwa mkono wake. Kuanzia siku hiyo anaweza kula nyama wanawake wakimwona. Asiye na mke hana wa kumfungulia.

Na Salaash aliushika mwiko huo kuliko hata waliobaki bomani. Akija kwangu Korogwe nikapika nyama, alibeba bakuli lake akaenda kula nje kwa Awadhi fundi viatu. Majirani walidhani namfukuza ndani. Mimi nilimpenda zaidi kwa hilo. Nilisema, mtu mwenye suti na simu ya mkononi, na bado ananisubiri mimi nimfungulie.

"Salaash."

"Mm?"

"Tamu?"

"Tamu kweli. Onja."

Akaninyooshea uma wenye kipande. Macho yetu yakakutana. Uma ukasimama hewani, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

"Nani alikufungulia nyama?" nikauliza.

"Unasemaje?"

"Umenisikia."

Akaweka uma chini. "Namunyak, tuko angani. Mambo hayo yamebaki kule."

"Mwezi uliopita ulibeba bakuli ukaenda kwa Awadhi."

"Pale ni nyumbani. Huku ni Ulaya."

"Ulaya hatujafika. Nani?"

Akatazama sahani. Mhudumu akapita akauliza kama chakula kina kasoro. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba chakula ni kizuri sana, asante. Akaenda.

"Noonkipa," akasema.

"Noonkipa ndiye nani?"

"Binti wa rafiki wa baba. Baba alikuwa anaumwa, Namunyak. Alisema hawezi kufa kabla hajaona mke wangu bomani. Ningefanya nini?"

"Ungemwambia unaye mwanamke Korogwe."

"Nilimwambia. Akasema huyo ni wa mjini, hatakuja."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Wakati wa masika."

Masika ya mwaka juzi alikuja kwangu amelowa, akalala siku tatu na homa, nikamkanda kwa maji ya moto. Niliyakumbuka yote kwa mara moja, na kila nililokumbuka liliuma upya.

"Mna mtoto?"

"Mmoja."

Nikakunja kile kitambaa cha mezani vizuri, pembe kwa pembe. Fundi hata akiumia mikono inafanya kazi yake.

"Na leo ulisahau," nikasema. "Umezoea kula mbele yake mpaka umenisahau mimi."

"Nilikuwa na furaha. Nilijiona niko nyumbani."

"Ndiyo ubaya wenyewe huo."

Akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, na nilimchukia kwa kuninyang'anya zamu yangu.

"Siku alipokulisha," nikasema, "ulimtazama usoni?"

"Nilimtazama."

"Ulimwona nani?"

"Nilikuona wewe."

"Basi siku hiyo ulitudhulumu wawili."

Wakazima taa. Abiria wote wakalaza viti, wakajifunika. Mimi nikabonyeza kitufe, kiti kikawa kitanda, nikampa mgongo. Starehe yote ile, blanketi laini, mto wenye harufu ya sabuni, na sikupata hata lepe la usingizi. Nilitamani kukaa wima kule nyuma, nibanwe na watu, mtoto wa mtu anililie sikioni. Nyuma ya kiti nilimsikia akininong'oneza.

"Namunyak. Noonkipa anajua habari zako."

Nikageuka. "Anajua nini?"

"Nilimwambia kila kitu. Amekubali. Alisema nikulete, mtaishi kama ndugu."

"Kwa hiyo yeye ulimwambia ukweli. Mimi ndiye wa kudanganywa."

"Yeye asingekataa. Wewe ungekataa."

"Na ndiyo maana ukanipandisha ndege?"

Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Ulitaka nikatae nikiwa wapi, Salaash? Juu ya mawingu?"

"Nilitaka tufunge ndoa kwanza. Ukishakuwa mke wangu ningekueleza. Ungekasirika, halafu ungezoea."

Niliirudia kauli hiyo kichwani mpaka kukaanza kupambazuka dirishani. Ungezoea. Kumbe miaka yote ile alikuwa ananipima kama kitambaa, anajua nitakatwa wapi.

Tulitua asubuhi. Baridi ilitupokea kuanzia mlango wa ndege, na mimi nimevaa gauni nililoshona mwenyewe la mikono mifupi, kwa sababu nilisahau kwamba kuna nchi ambako jua linatoka bila joto. Akanivisha koti lake. Nikalivua, nikamrudishia. Akawasha simu, ikalia mara moja. Akaisoma, akataka kuirudisha mfukoni.

"Lete."

Akanipa. Ilikuwa meseji ya Mchungaji Nelson: *Karibuni sana wapendwa. Kanisa liko tayari Jumamosi saa nne. Kwaya wamejifunza wimbo wa Kiswahili. Mke wangu amepata maua.*

Nikasimama katikati ya ukumbi, watu wanatupita na masanduku, nikaandika herufi moja moja kwa kidole kilichokufa ganzi: *Mchungaji shikamoo. Bwana harusi ana mke nyumbani. Kwaya waimbe Jumapili kwenye ibada. Mama mchungaji nampa pole kwa maua. Namunyak.*

Nikaituma mbele ya macho yake.

"Nitamwacha," akasema. "Namunyak, nisikilize. Nikirudi nitamwacha."

"Ukimwacha nitakudharau."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Hakuna. Ulitakiwa kusema mwaka juzi."

"Ungeondoka!"

"Ningeondoka, ndiyo. Ningeondoka nikiwa Korogwe, karibu na mama yangu, nalia kwa lugha yangu. Umenileta mpaka huku ndiyo nivunjike?"

Akapiga magoti pale pale. Wazungu wawili wakasimama wakitabasamu, nadhani walidhani ananichumbia. Mmoja akaanza kupiga makofi.

"Inuka. Watu wanatufurahia."

"Bado unanipenda?"

"Ndiyo."

"Basi..."

"Basi nini? Nakupenda, na siolewi na wewe. Yote mawili ni kweli, na yote mawili nitarudi nayo."

Nilikwenda kwenye dawati la shirika la ndege. Dada wa pale akaitazama tiketi yangu, akaniambia ya daraja la biashara haina shida, ninaweza kubadilisha tarehe na kuondoka jioni ile ile bila kulipa chochote. Nikamshukuru. Salaash alisimama mbali kidogo na koti lake mkononi mpaka nilipopita ukaguzi, nikageuka mara moja, bado amesimama. Safari ya kurudi waliniletea taulo la moto. Nilifunika nalo macho, na mhudumu hakuniomba nilirudishe.

Mama hakuniuliza kitu. Nilimkuta jikoni, nikampa zile soksi.

"Mama, nimerudi. Na bado nampenda."

"Najua," akasema. "Kaa ule."

Vuli zilipoanza nilikuwa nimerudi kwenye cherehani yangu, nashona sare za shule. Salaash alirudi nchini, alinitumia salamu mara nyingi, kila aliyezileta nilimwambia arudi nazo. Siku moja mlango ukazibwa na mwanamke mrefu mwenye shuka jekundu, mtoto mgongoni, miguu imejaa tope.

"Takwenya," akanisalimu kikwetu.

"Iko," nikaitikia.

"Wewe ndiye Namunyak?"

"Ndiye. Unashonesha?"

"Mimi ni Noonkipa."

Mguu wangu ukabaki juu ya pedali. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomchora kichwani, mdogo kunishinda mimi. Nikampa kiti. Akakaa, akamhamishia mtoto mapajani.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja," akasema. "Nilikukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea."

"Mbona ulikubali halafu ukakataa?"

"Nilikubali nini?"

"Kuja bomani. Salaash aliniambia wewe unajua habari zangu tangu siku ya kwanza. Kwamba ulisema hapana shida, tutasaidiana. Kwamba mnakwenda kubarikiwa tu huko kanisani kwenu, halafu unakuja."

Nikamtazama. Hakuwa na uso wa mtu mwongo. Alikuwa na uso wa mtu aliyetembea njia ndefu akijilaumu.

"Noonkipa, mimi sikujua kama upo. Nilijua ndani ya ndege."

Akaweka mkono mdomoni. Mtoto akaunyofoa ule mkono, akataka kucheza na bangili.

"Kumbe na wewe," akasema.

"Na mimi."

"Nilikujengea nyumba." Sauti yake ikawa ndogo sana. "Nilisema mtu wa mjini hajui kukandika, atapata tabu. Nikaijenga mwenyewe, udongo na samadi, nikapandisha mlango juu usije ukajigonga kichwa, kwa sababu alisema wewe ni mrefu. Nilipiga lipu mara mbili. Sasa nyumba yako niifanyeje?"

"Waweke ndama."

"Nilisema hivyo hivyo. Niliwaswaga mpaka mlangoni, nikashindwa."

Nikaacha cherehani, nikaenda nikamkumbatia na mtoto wake, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ile ndege nililia kwa sauti. Naye alilia. Nje kulikuwa na wazazi waliokuja kuchukua sare. Walichungulia, wakarudi nyuma, wakasubiri mvuani.