Q Haimo Kwenye Mashine ya Faki

Kabati lilikuwa wazi na kufuli halikuvunjwa. Dhahabu ya marehemu mama yake Saleha, aliyowekewa avae siku ya harusi, ilikuwa imetoweka. Sakafuni paliachwa kikaratasi chenye herufi kubwa za mkono: QJUJB VBOJ.

"Hii kazi ya Faki," alisema mzee Abdillahi, baba yake Saleha. "Malindi nzima yajua anavyochezea maandishi ya siri kwenye kompyuta."

Inspekta Jefwa hakumpenda mlalamikaji anayemtaja mwizi kabla ya kuulizwa. Hata hivyo alikwenda kumkamata Faki. Kesi ingesimama, kijana angeozea gerezani.

Faki, mtoto wa muuza mbaazi, alikuwa karani wa hoteli. Kompyuta yake ndogo, iliyounganishwa na televisheni, aliuziwa na mtalii, na humo alikuwa ameandika programu yake ya kwanza, ya maandishi ya siri.

"Inafanya nini?"

"Inasogeza kila herufi mbele hatua moja, afande. A inakuwa B."

Jefwa akazirudisha nyuma herufi za kikaratasi kwa kalamu. Yakatoka maneno mawili: PITIA UANI.

"Ulikuwa unamwelekeza mwenzako. Nani?"

"Sina mwenzangu, wallahi! Sikuandika mimi."

"Wote husema hivyo. Haya, ipe mashine maneno haya."

Faki akabonyeza vitufe. Kwenye kioo ikatokea RJUJB VBOJ.

"Mbona R?" Jefwa alishuku hila. "Umeichezea?"

Faki aliitazama, kisha akaona haya. "Nilipanga herufi tulivyofundishwa Kiswahili darasa la kwanza. Q na X sikuzikumbuka kabisa. Baada ya P, mashine yaijua R tu."

Uzembe mtupu wa mwanagenzi, ama ujanja wa hali ya juu. Jefwa hakuamini hata kimoja.

"Nani mwingine anajua mtindo huu?"

Faki alisita. "Saleha. Tukiandikiana ya mapenzi."

Saleha alileta kituoni vikaratasi vyote vya Faki, vya zamani na vipya. Kila penye P palikuwa na R. Basi mashine haikuchezewa.

"Shikamoo, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko mwingine. Baba alinikamata nikisoma, akanishurutisha nimweleze. Nilimwambia ni kusogeza kila herufi hatua moja tu. Kwamba Q haimo sikumtajia."

Jefwa akamwita Abdillahi.

"Mzee, baada ya P inafuata herufi gani?"

"Q! Mimi nimesoma, Inspekta."

"Faki hana Q. Binti yako hana. Unayo wewe. Dhahabu iko wapi?"

Mabega yakamshuka Abdillahi.

"Dukani, ndani ya gunia la mchele. Nimeshatoa ulimi kwa watu wa Mambrui kuwa watamwoa Saleha. Binti yangu aolewe na mtoto wa muuza mbaazi, uso wangu niuweke wapi? Nilitaka amwone Faki ni mwizi, amchukie mwenyewe."

Saleha alikuwa amesimama mlangoni, machozi yakimtiririka.

"Baba, mimi na Faki tumeachana. Nilimwambia wiki iliyopita. Nilikubali Mambrui kwa ajili yako, nikawa nangoja siku njema ya kukwambia."

Abdillahi akanyoosha mkono kumshika. Saleha akarudi nyuma, akavuta kiti mbele ya meza ya Jefwa.

"Andika maelezo yangu, afande. Mimi shahidi."