Lori Lililolala Kwenye Kioo

Haya, aliye mbali asogee. Habari hii ni ya malori, na malori yana kelele.

Kulikuwa na mama mmoja, watu wakimwita Mama Tairi. Jina hilo lilimpata kwa haki. Yeye na mumewe walianza maisha kwa kuziba pancha kando ya barabara, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Wakapata lori moja bovu. Lori likazaa lori. Mume alipofariki, alimwachia mkewe yadi, malori, na mdogo wake. Na ukitaka ukweli, huyo mdogo mtu alikuwa na thamani kuliko malori yote.

Alikuwa dereva. Madereva wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu kona aliichukua kama mtu anayebeba mtungi uliojaa kichwani. Tangu ashike usukani hajawahi hata kukwaruza tela. Mama Tairi alimwita shemeji, naye akamwita shemeji, na mambo yakaenda.

Kazi zote za yadi ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisini. Lori hili limebeba saruji. Lile limebeba sukari. Lakini malori yalipoongezeka, ubao ukazidiwa. Mvua ikipiga dirishani, nusu ya safari zinafutika. Simu nayo hainyamazi. Wateja wanauliza swali lilelile, mzigo wangu uko wapi. Mama Tairi hajui. Anampigia dereva, dereva hapatikani. Ikifika jioni kichwa kinamgonga.

Akasikia kuna programu za kompyuta za kusimamia malori. Watu huziita mfumo. Mfumo unakuonyesha kwenye kioo cha kompyuta lori liko wapi, limebeba nini, linampelekea nani. Akasema hii ndiyo dawa yangu. Hapo hakukosea. Kosa lilikuja baadaye.

Muuzaji alikuja na viatu vinavyong'aa. Alivuka yadi kwa kurukaruka, akikwepa madimbwi ya oili kama mbuzi anayeogopa maji. Akafungua kompyuta yake. Ramani ikatokea, na juu yake vilori vidogo vya rangi vinatambaa kama sisimizi. Mama Tairi akacheka kwa furaha. Karani wa ofisi naye, binti aliyeajiriwa juzijuzi, akasogeza kiti.

Taratibu alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono kwa tambara. Akauliza, kwa upole wake ule, "Mahali pasipo na mtandao, hiki kinasema nini?"

Muuzaji akatabasamu. "Mzee, siku hizi mtandao uko kila mahali."

Taratibu akafungua mdomo ili ataje ghala la saruji, kule bondeni, ambako simu huwa kama kipande cha mbao. Mama Tairi akamwambia amwache mgeni amalize. Akamaliza. Mkataba ukatiwa saini siku hiyohiyo, wa mwaka mzima.

Basi mfumo ukawekwa, kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye simu za madereva. Maneno yake yote yalikuwa ya kigeni, hakuna aliyeyaelewa pale. Wakawa wanasoma rangi. Kijani ni heri. Nyekundu ni shari. Na kila wiki nyekundu ilikuwa ya nani? Ya Taratibu.

Sababu ni hii. Dereva akifika anabonyeza kitufe kwenye simu. Kitufe kilikuwa kimoja tu, cha kufika. Ukikibonyeza, mfumo unajua kazi imekwisha. Lakini jamani, kufika getini ndiyo kushusha mzigo? Pale ghala la saruji, alikopangiwa yeye kila siku, kuna foleni. Unaweza kukaa nusu siku na saruji yako mgongoni, unasogea hatua moja kama kinyonga. Mfumo haukujua foleni ni kitu gani. Ukaona lori limesimama, ukapaka nyekundu. Dereva mvivu.

Mama Tairi akamgombeza shemeji yake mbele ya madereva wengine, akamwita mvivu.

"Nilikuwa foleni, shemeji."

"Foleni gani hiyo, kila siku wewe?"

Siku hiyo Taratibu hakula ofisini kama kawaida yake. Alikula ndani ya lori, peke yake.

Ikawa hivyo mpaka asubuhi moja muuzaji akapiga simu kwa mbwembwe. Alisema wamemsikia mama, mfumo sasa unaongea Kiswahili. Kweli, kioo kilikuwa na maneno ya Kiswahili. Mama Tairi akashukuru, akatoka kwenda kwa fundi wa breki.

Kumbe maneno yale yaliwekwa na watu ambao hawajawahi kupanda lori. Walipotaka kusema lori limesimama muda mrefu, wakaandika LIMELALA. Kwao ni neno tamu. Lakini muulize dereva yeyote, au mke wa dereva. Lori likilala limepinduka. Liko ubavu, magurudumu yanaangalia mbingu, na aliyekuwa ndani Mungu ndiye anayemjua.

Mchana ule mke wa Taratibu alitaka kumwambia mumewe apitie kwa fundi, achukue cherehani yake. Simu ya mumewe haikupatikana. Akapiga ofisini. Karani akatazama kioo, akamwambia kwa sauti nzuri tu, kama walivyomfundisha kuongea na wateja, "Mama, hapa naona lori limelala."

Simu ikaanguka upande wa pili.

Mama Tairi alipigiwa na majirani wa Taratibu akiwa bado kwa fundi wa breki. Akampigia karani, akamuuliza, unasema limelala? Karani akajibu ndiyo, na ni jekundu kabisa, na halijasogea tangu asubuhi. Halikusogea kwa sababu mtandao ulikatika kule bondeni na kioo kikaganda palepale. Lakini nani alijua? Mama Tairi akakimbia mpaka nyumbani kwa shemeji yake, kandambili moja mguuni, nyingine sijui aliiacha wapi.

Alikuta kilio kimeshaanza. Majirani wameleta viti. Wanaume wamekaa nje, wanatazama chini. Vijana wawili walikuwa wameshatumwa kwa pikipiki kwenda kuutafuta mwili. Ndani, mke wa Taratibu amelala sakafuni, wanawake wanampepea. Mama Tairi akaketi karibu naye, akalia mpaka sauti ikakauka. Na katikati ya kilio akakumbuka lile swali lake. Foleni gani hiyo, kila siku wewe. Likamchoma kama kaa la moto.

Alasiri Taratibu akarudi zake. Alishashusha saruji, kapita njia ya mkato, kaacha lori yadini kwa mlinzi, kaja kwa miguu. Akaona watu nyumbani kwake. Mtu mwenye adabu akiona msiba hapigi kelele. Akavua kofia. Akaketi kwenye kiti cha mwisho, akainama, akamnong'oneza mzee aliye jirani yake.

"Poleni. Aliyefariki nani?"

Mzee akageuka. Akamtazama. Akaanguka yeye na kiti.

Watu walicheka baadaye, tena walicheka miaka. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mkewe alitoka ndani, akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa kama anapapasa gunia kuona kama limetoboka. Kisha akamgeukia Mama Tairi.

"Dada, nimemlilia mume wangu akiwa hai. Kesho mtanifanya nini tena?"

Taratibu akasimuliwa yote. Halafu akatoa funguo za lori mfukoni, akaziweka mkononi mwa Mama Tairi, akamfunga vidole juu yake.

"Shemeji, uliniambia mvivu, nikanyamaza. Leo mmeniua. Kitafutie kioo chako dereva wake."

Mama Tairi hakulala usiku ule, hasira zilimweka macho. Asubuhi alikwenda kwa muuzaji. Alimweleza yote, kilio, viti, vijana wa pikipiki. Yule muuzaji akasikiliza huku akichezea kalamu. Akasema pole sana. Akasema lakini limelala ni Kiswahili sanifu. Akasema madereva wafundishwe kuelewa mfumo.

"Wafundishwe," Mama Tairi akarudia. "Watu wameweka msiba kwa neno lako, halafu wao ndio wakafundishwe?"

Akamtaka aweke kitufe cha foleni. Haiwezekani, akajibu muuzaji, mfumo ni mmoja kwa wateja wote. Mama Tairi akasema basi nautoa, hata kama mwaka haujaisha, nipe kumbukumbu za safari zangu zote. Muuzaji akakohoa. Kumbukumbu zimo kwao, akasema, na mteja akitoka zinabaki. Eti zinabaki. Malori yake, barabara kapita yeye, jasho la madereva wake, halafu kumbukumbu za mtu mwingine. Mama Tairi alisimama bila kuaga, maana angeaga angetukana.

Nyuma ya ukuta wa nyumba yake aliishi mwanamke aliyesimamia magari ya ghala la dawa. Mwanamke mrefu, mcheshi. Jioni ile alikuwa anaanua nguo. Mama Tairi akammwagia yote juu ya ukuta.

Jirani akasikiliza mpaka mwisho, shuka begani.

"Wewe ulinunua picha," akasema. "Mbuzi alikuwa kwenye gunia, nawe ukasifu rangi ya gunia."

"Nicheke au nilie?"

"Sikiliza kwanza. Na sisi lilitukuta. Mfumo wetu wa kwanza ulitaka simu za gharama, madereva wetu wana simu za kawaida. Ukafa mwezi wa kwanza."

Akamweleza huku akikunja nguo. Usianze na mfumo, anza na kazi yako. Fuata safari moja tangu lori linapopakia mpaka linaporudi, uone kila linaposimama na kwa nini. Hapo utajua unataka mfumo ukufanyie nini. Kisha waite wauzaji zaidi ya mmoja, na usikubali maonyesho ya mezani. Wape lori moja, barabara yako mbaya kuliko zote, na wakujaribishie kabla ya saini yoyote. Uone kama mtandao ukikatika mfumo unatunza habari na kuzituma baadaye, na unasema wazi kwamba habari ni za zamani, au unadanganya. Upige simu ya msaada siku lori limekwama, uone kama kuna mtu anapokea. Na kumbukumbu, akasema akimnyooshea kibanio cha nguo, iandikwe kwenye mkataba kwamba ni zako, na ukitoka unatoka nazo.

"Na maneno?"

"Maneno wayachague wanaoyatumia. Kwani nani alishika ile simu kila siku, wewe?"

Mama Tairi alijua anakotakiwa kwenda.

Alimkuta Taratibu akimshikia mkewe kitambaa kwenye cherehani. Hakuzunguka. "Shemeji, uliuliza swali la mtandao pale mlangoni, nikakufunga mdomo. Lile swali lilikuwa lako, na msiba huu ni wangu. Nisamehe. Sikuombi uendeshe. Nakuomba uje uchague."

Taratibu akamtazama mkewe. Mkewe akaendelea kukanyaga cherehani, kisha akasimama. "Akichagua yeye, nachagua na mimi. Aliyeambiwa limelala ni mimi."

Wakaja wauzaji watatu. Mmoja alipoambiwa habari ya kujaribu bondeni, hakurudi. Wawili wakakubali. Taratibu aliwapandisha kwenye lori lililoendeshwa na mwenzake, akawapeleka kwenye foleni ya saruji, wakakaa nusu siku na jua lao. Mfumo wa kwanza, mtandao ulipokatika, ulipotea kabisa, kama mtu aliyeingia shimoni. Wa pili ulikuwa na ramani mbaya, isiyo na mapambo. Lakini ulitunza kila kitu, na walipopanda mlima ukatuma wenyewe. Mwenye mfumo alitoa kalamu palepale kwenye kiti cha abiria, akamuuliza Taratibu, "Ninyi mnasemaje hapa?"

Taratibu akamtajia. Nimefika getini. Nipo foleni. Nashusha. Nimeshusha. Vitufe vinne, vikubwa, vya kubonyeza hata kwa kidole chenye grisi. Mkewe naye alikuwa ofisini, ameketi kando ya karani, akisoma kila neno kwa kidole. Alilolitilia shaka lilifutwa. Neno limelala, ambalo humo nalo lilikuwamo, lilifutwa la kwanza, mbele ya macho yake.

Mkataba ulisainiwa baada ya majaribio, na kumbukumbu ziliandikwa kuwa za Mama Tairi. Simu za wateja zikapungua, maana karani anajibu kabla hawajakasirika. Na pale ghalani, wenye saruji walipoonyeshwa malori yanavyokaa foleni, waliona aibu wakafungua geti la pili.

Taratibu hakusema lini atarudi. Asubuhi moja tu Mama Tairi alikuta funguo hazipo kwenye msumari wake, na lori halipo, na kwenye kioo kilori cha kijani kinachukua kona polepole kuliko vyote.

Jumapili moja Mama Tairi akampigia shemeji yake kuuliza habari ya breki. Simu ikapokewa na mkewe.

"Shemeji yuko wapi?"

"Amelala."

Wanawake wote wawili wakashika simu bila kupumua.

"Kitandani, dada," mke wa Taratibu akasema, akaanza kucheka. "Tena anakoroma kama injini. Njoo usikie mwenyewe."