Mahali pa Koti la Amma Thora

Lorna Einarsson alisukuma mlango wa kabati kwa bega. Haukufunga. Akageuka, akausukuma kwa mgongo, miguu ameikaza kwenye zulia. Ndani kitu kikaanguka. Kisha kingine.

"Baldur!" aliita. "Njoo tusukume wote."

Mumewe alikuja na kikombe cha kahawa mkononi. Alitazama mlango, kisha akamtazama mkewe.

"Tukisukuma wawili," alisema, "nguo zitatokea uani."

Kabati hilo lilikuwa ndani ya ukuta wa kaskazini, katika chumba cha wageni cha nyumba yao pale Gimli, mji wa kando ya ziwa nchini Kanada. Zamani chumba kilikuwa cha binti yao, Signy. Alipoolewa na kuhama, kabati likaanza kupokea kila kitu kisicho na kwao. Makoti ya zamani. Mapazia ya nyumba ya kwanza. Glavu za mkono mmoja. Kila mara walisema watalipanga siku moja. Miaka kumi na mmoja ilipita.

Sasa ilikuwa Alhamisi, mwisho wa Januari. Jumamosi mama yake Baldur alikuwa anakuja.

Wote walimwita Amma Thora, yaani Bibi Thora kwa Kiaislandi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na aliishi peke yake shambani, ng'ambo ya mji wa Arborg. Kabla ya Krismasi aliteleza kwenye ngazi akibeba kuni. Alilala kwenye theluji mpaka dereva wa gari la kusafisha barabara alipomwona. Hakuvunjika mfupa. Lakini Baldur hakupata usingizi mzuri tangu siku hiyo.

Kumhamisha Amma haikuwa rahisi. Mwaka uliopita alikaa wiki mbili kwa mwanawe mwingine, Helgi, kisha akarudi shambani.

"Kwa Helgi nilitoa nguo kwenye sanduku kila asubuhi kama abiria," alimwambia Lorna kwa simu. "Jumamosi nitakuja kwenu. Nikiona mahali pa kutundika koti langu, nitakaa. Nisipopaona, Baldur atanirudisha kabla ya giza. Na msinibembeleze."

Lorna alimjua. Amma akisema jambo, amesema.

Kwa hiyo Jumatatu alikwenda dukani akanunua makasha manane ya plastiki yenye vifuniko. Alikunja nguo zote akazijaza humo. Aliyasukuma makasha mpaka ukuta wa nyuma, na palipobaki upenyo akashindilia sweta na mablanketi. Siku tatu alifanya kazi hiyo. Nguo zilikuwa ndani ya makasha, makasha yalikuwa ndani ya kabati, na nafasi ya kutundika hata leso haikuwapo.

Mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa Yvette Lavallee, jirani wa nyumba ya mbele, amekuja kurudisha sufuria ya kuokea. Yvette alikuwa akifanya kazi hospitalini, katika stoo ya mashuka, kwa miaka ishirini na miwili sasa. Alimkuta Lorna ameketi sakafuni, mgongo bado umeegemea mlango.

"Umemfungia nani humo?" aliuliza.

"Mama mkwe wangu anakuja keshokutwa," Lorna alisema. "Hana pa kuweka koti. Ananiambia atarudi shambani. Na atarudi, Yvette. Peke yake, na zile ngazi."

Yvette aliweka sufuria chini, akavua buti zake.

"Haya. Inuka tuone. Nguo ngapi humu mnazivaa?"

"Sijui. Sizioni."

"Na makasha ulinunua kabla ya kuchambua nguo, au baada?"

"Kabla. Nilidhani ndiyo mwanzo wa kupanga."

"Karibu kila mtu hudhani hivyo. Hata mimi nilidhani," Yvette alisema. "Lakini kasha linaficha tu. Kwanza tunatoa kila kitu. Kila kitu, Lorna, siyo nusu. Baldur, weka kahawa chini, mikono hiyo tunaitaka."

Walianza kutoa. Makasha ya mbele yalitoka upesi. La nyuma kabisa lilikataa. Baldur alilivuta kwa nguvu, likatoka na mlio kama kuni kavu ikivunjika. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na sweta ya sufu, ya kijivu na nyeupe, yenye nakshi za duara kifuani. Haikuning'inizwa na kitu chochote. Ilikuwa imesimama yenyewe.

"Hiyo ni sweta yangu ya harusi," Baldur alisema polepole. "Mama aliifuma kwa mikono yake."

Alinyoosha mkono aivute.

"Usivute!" Yvette alimkamata kiwiko. "Imegandana na ukuta. Ukivuta, nusu utabaki nayo na nusu itabaki pale."

Lorna alipagusa. Ukuta ulikuwa na barafu nyembamba, inayong'aa, kutoka sakafuni hadi magotini. Alikumbuka mikono yake ikishindilia sweta ile ili ijaze upenyo.

"Ni mimi," alisema.

"Ni baridi," Yvette alimjibu. "Sikilizeni. Huu ni ukuta wa nje. Leo nje ni thelathini chini ya sifuri. Tunapika, tunaoga, tunafua, na unyevu wote huo unazunguka ndani ya nyumba. Unaingia hata kabatini. Kabati likijazwa mpaka ukutani, joto la chumba halifiki nyuma. Ukuta unapoa, unyevu unashika pale na kuganda. Baridi ikiisha barafu inayeyuka, nguo zinalowa, kuvu inaota. Viatu vyangu vya kanisani viligandana hivihivi mwaka juzi. Nilikwenda kanisani na buti."

"Tutumie mashine ya kukaushia nywele?" Baldur aliuliza.

"Hapana. Maji yatashuka yote kwa mara moja. Acha mlango wazi, leta feni, hewa ya chumba itafanya kazi. Tuweke taulo chini. Sisi tuchambue nguo."

Walimwaga kila kitu kitandani. Lundo lilifika karibu na dirisha. Lorna alilitazama kutoka juu hadi chini.

"Usilitazame lote," Yvette alisema. "Shika kimoja tu. Jiulize: kikipotea leo, nitakwenda kukitafuta? Ukijibu ndiyo, kinabaki. Ukijibu hapana, kinaondoka, kwenye mfuko mweupe kama kizima, mweusi kama kimechakaa. Kama ni cha mtu mwingine, kiweke kando umuulize. Usitupe cha mwenzako."

Lorna alishika pazia la maua. Alilitazama muda mfupi, likaenda mfuko mweupe. Cha pili kilikuwa rahisi zaidi. Cha kumi hakuhitaji hata kufikiri.

Baldur alikuwa mgumu. Alikuwa na jaketi tisa za timu za mpira wa magongo wa barafuni, tangu akiwa na miaka kumi na minne.

"Hizi ni historia," alisema.

"Historia yako ina matundu kwapani," Yvette alisema.

"Nitazivaa nikipungua."

"Utapungua," Lorna alisema, "siku ziwa litakapohama."

Baldur alicheka mpaka akaketi juu ya lundo. Kisha alizitandaza zote tisa, akazipitia moja moja kama kocha mbele ya wachezaji. Alichagua moja, ile ya mwaka waliochukua kombe. Nane akazikunja yeye mwenyewe.

Kabla hawajamaliza, walisikia kitu kikianguka taratibu. Sweta ilikuwa imejiachia ukutani, nzima, juu ya taulo. Lorna aliiokota kwa mikono miwili. Hakuikamua. Aliiviringisha ndani ya taulo kavu, akaikandamiza, kisha akailaza kwa upana wake juu ya meza.

"Mifuko ya kutoa iondoke leo," Yvette alisema akivaa buti. "Ikilala humu, kesho mtaanza kuifungua."

Baldur aliipakia kwenye gari akaipeleka duka la mitumba la kanisa jioni hiyohiyo.

Ijumaa, Lorna alipangusa ukuta kwa maji ya sabuni, akaukausha kwa kitambaa na feni. Ulipokauka kabisa alichukua futi akapima upana, kina na urefu, akaandika kwenye karatasi. Sasa ndipo aliposoma vipimo vya makasha. Matatu tu yalifaa. Matano akayarudisha dukani.

Yvette alipotoka kazini alikuja kusaidia kurudisha vitu.

"Stoo yetu ina sheria moja," alisema. "Kinachotumika kila siku kinakaa kati ya kiuno na macho. Kizito kinakaa chini. Cha nadra kinakaa juu. Na huku kwetu ongeza hii: acha upana wa kiganja kati ya vitu na ukuta. Siku za baridi kali, mlango uache wazi kidogo."

Waliandika kila kasha lina nini, kwa herufi kubwa, upande unaoonekana. Nguo zilizobaki walizitundika zikiangalia upande mmoja. Henga zote Yvette aliziweka kinyume, ndoano zikielekea nje.

"Mtu akivaa nguo, akiirudisha ageuze henga," alieleza. "Mwakani, henga ambayo haijageuka itawaambia nguo ipi hamuihitaji."

Saa kumi na mbili jioni Lorna alisimama mbele ya kabati. Upande wa kushoto ulikuwa wao. Upande wa kulia, fito ya kutundikia ilikuwa tupu kabisa, kutoka katikati hadi mwisho. Alipitisha mkono juu yake, akaenda na kurudi.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe chumba hiki kina kabati."

Jumamosi saa sita mchana Amma Thora aliingia akitembelea fimbo, koti lake jeusi limefungwa mpaka kidevuni. Lorna alikuwa amekata keki ya matabaka. Amma hakuitazama keki. Alikwenda moja kwa moja chumba cha wageni akafungua kabati. Mlango ulifunguka kwa kidole kimoja.

Alitazama makasha, akasoma maandishi. Kisha akaiona sweta, imekunjwa kwenye rafu ya katikati. Akaichukua, akaigeuza, akaipekua mshono kwa mshono.

Lorna alijikaza.

"Amma, sitakuficha. Niliishindilia nyuma. Iligandana na ukuta."

"Iligandana?"

"Alhamisi tuliikuta imesimama peke yake."

Amma alimtazama Lorna, akamtazama Baldur, akautazama ukuta. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Basi na ukuta nao ulisikia baridi, ukaivaa!" alisema, akacheka mpaka akashika mlango. "Na haikuharibika! Ameiona Helgi? Mpigie simu Helgi umwambie kazi ya mama yake!"

Alipomaliza kucheka alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Baldur alisimama mlangoni bila kusogea. Lorna alimpa henga.

"Zote umezitundika kinyume," Amma alisema. "Nani kakufundisha hivi?"

Lorna alimweleza kuhusu henga, na jinsi zitakavyoonyesha nguo isiyovaliwa. Amma alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alitundika koti lake katikati kabisa ya upande wa kulia, na ndoano yake akaigeuzia ndani.

"Hili langu nitalivaa kila siku," alisema. "Halina haja ya kujaribiwa."

Baldur alitoka upesi kwenda kuchukua sanduku garini. Walimsikia akipiga mluzi uani kwenye baridi ile.

Amma aliinua fimbo akaielekeza juu.

"Na ile rafu?"

Rafu ya juu ilikuwa bado. Vilikaa pale vitu vya Signy vilivyowekwa kando: kofia mbili, daftari za shule, viatu vya kuteleza kwenye barafu.

"Hiyo hatujaipanga," Lorna alisema. "Lazima tumuulize mwenyewe."

"Mpigie leo. Kesho tutaishusha," Amma alisema, tayari anavua skafu yake. "Mimi nitakaa kwenye kiti nisome majina ya vitu atakavyotaka vibaki, wewe utapanda. Sasa iko wapi hiyo keki?"