Ruta Iliyokufa Kabla ya Jibu

"Bonaventure, nakuuliza mara moja tu," Baba mukubwa Kalume alisema kutoka Kanada, uso wake umejaza kioo chote cha kompyuta. "Uko na mwanamuke mwingine?"

"Hapana, Ba—"

Kalume akaganda mdomo wazi. Kisha akatoweka.

Sebuleni kwa Mama Annonciata, Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, pakawa kama msibani. Marehemu alilala mezani: ruta ndogo ya intaneti, imefunikwa vitambaa vya kudarizi kama kila kitu chenye heshima katika nyumba ile.

Simu ya Mama ikalia.

"Annonciata! Nimemuuliza swali, amefunga mashini!"

"Shemeji, haiko yeye, ni ile kitu..."

"Juzi niliuliza kama anasali kanisani, ikakufa. Leo nauliza wanawake, imekufa! Jumapili asiponijibu macho kwa macho, mutoto wa ndugu yangu haolewi na yeye!"

Tangu mume wa Annonciata, baba yake Yvette, afariki, neno la Kalume ndilo lilikuwa neno la baba. Yvette akamgeukia mchumba wake, Bonaventure.

"Si ulijisifu? 'Mama, nimewaletea intaneti.'"

"Na nilileta! Mimi nikiwa Mbarara na wewe hapa, hatuongeake kila siku? Ilishakatika hata mara moja?"

"Hiyo ndiyo inaniumiza roho. Ya mapenzi haikatikake. Ya ndoa inakatika!"

Bonaventure akairudisha ruta mjini Mbarara. Robinah, aliyemuuzia, akaiwasha dukani kutwa nzima.

"Ssebo, bwana, hii kitu iko sawa kabisa," akasema. "Labda nyumba yenu ndiyo mubaya."

Ujumbe wa Yvette ukaingia: "Imepona?"

"Haikuwa mgonjwa. Nimeshinda nayo kwa Robinah, haikukatika."

"Umeshinda kwa Robinah. Kumbe mgonjwa ni wewe."

Jumapili ikafika, ruta imerudi mezani. Mama alipiga deki, akavisha viti, akavisha redio, akaivisha ruta vitambaa vyake vyote. Juu kabisa akaweka kipya, alichodarizi Yvette kwa ajili ya harusi: maua mekundu na maneno "Karibu Mugeni".

Kalume akatokea. Akasalimia, akafungua kwa sala, na sala ikaombea mataifa mengi.

"Amina. Sasa, kijana, lile swali..."

Akaganda.

"Mungu wangu!" Yvette akaruka. "Beba kitu yako! Rudi nayo Mbarara, muoane na huyo Robinah!"

Akapenyeza mkono chini ya vitambaa ili ainyakue.

"Aii! Inaunguza!"

Bonaventure akaigusa, naye akarusha mkono.

"Mama, inafunikwaka hivi kila siku?"

"Kila siku? Tukiwa na mugeni. Baba mukubwa ni mugeni."

"Na tukiongea mimi na Yvette?"

"Ninyi muko wageni gani?"

Wachumba wakatazamana. Kisha, kwa heshima zote, wakamvua marehemu sanda zake moja baada ya nyingine, na Yvette akampepea kwa sahani. Taa zake zikawaka. Kalume akafufuka.

"Hapana, Baba mukubwa!" Bonaventure akapiga kelele kabla ya salamu. "Sina mwingine! Ni Yvette peke yake!"

Kalume akamkazia macho. Intaneti ikashika.

"Mbona leo haikatike?"

"Tumemuvua nguo zote," Mama akajibu kwa fahari.

"Nani?!"

Kwa mara ya kwanza Bonaventure aliomba ruta ife. Ikakataa katakata. Ikasimama imara hadi maelezo yote yakaisha, na Kalume akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Munioneshe tena macho yake. Eh. Yanaogopa vizuri. Yvette, olewa."

Mama akapiga vigelegele. Akaokota kile kitambaa cha maua mekundu na kumtandazia mkwewe mabegani, kama kila kitu chenye heshima katika nyumba ile. Bonaventure akaanza kutoka jasho papo hapo.

Yvette akachukua sahani, akampepea.