Taa Nyeupe Kwenye Kona ya Ihanda

Haya yalimpata jirani yetu Melkiory, fundi umeme wa magari pale Nkwenda. Asubuhi ile alikunywa chai, akafuta vioo vya gari lake, akaondoka na mkewe Benadeta kwenda Ihanda kuanua matanga ya Mutabazi, yule aliyekuwa akiwaletea ndizi kwa baiskeli.

Ukungu uliwakuta kilimani. Melkiory akawasha taa.

"Mbona za njano? Si ulifunga zile nyeupe?" Benadeta akauliza.

"Nimerudisha balbu za halojeni, zile za njano za zamani. Hii haikuumizi macho kwenye ukungu. Balbu ya zenoni huanza na mwanga wa ubuluu, na huchelewa kukolea. LED, kama zile nyeupe, huwaka papo hapo, lakini ukiichomeka kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni, mwanga hutawanyika, unampofusha anayekuja."

Akapunguza mwendo. Hakumwambia mkewe kwamba jioni aliyokufa Mutabazi, yeye na marehemu walipishana kwenye kona ya Ihanda, taa zile nyeupe zikiwaka. Alimwona akijikinga macho kwa kiganja, kisha baiskeli ikaserereka korongoni. Melkiory hakusimamisha gari. Kesho yake alizing'oa balbu zile nyeupe, akazitumbukiza chooni.

Walipofika kona ileile, injini ikazimika yenyewe. Taa hazikuzimika. Zilififia kidogo, kisha zikakolea.

Nyeupe.

Melkiory akazungusha swichi. Zinawaka. Akachomoa fyuzi. Zinawaka. Akavuta kitasa, mlango haukufunguka. Wa Benadeta pia. Vioo vimekwama. Ukungu ukawa ukuta mweupe pande zote.

Ndani ya ukuta ule, mtu alikuwa akikokota baiskeli.

Cheni ililia. Ikakaribia. Ikanyamaza mbele ya boneti.

"Zima," sauti ikanong'ona. "Sioni njia."

"Baba Vero," Benadeta akamnong'oneza mumewe, "huyo ni Mutabazi. Mbona anakuambia wewe?"

Melkiory akazungusha swichi tena.

"Zima."

"Ni mimi," Melkiory akasema, machozi yakimtiririka. "Ni mimi niliyempofusha. Nikamwacha korongoni."

Taa zikazimika. Milango ikafunguka.

Ukungu ulipoinuka, barabara ilikuwa tupu. Benadeta alishuka, wala hakurudi garini. Alitembea kwa miguu hadi matangani, mumewe nyuma yake, na mbele ya mjane wa Mutabazi, Melkiory akayasema yote.

Gari lile liko nyuma ya karakana hadi leo. Nimeliona mwenyewe. Kioo cha taa ya kushoto hakijawahi kubanduliwa. Gundi ya kiwandani ingali imeshika. Lakini upande wa ndani kuna mikwaruzo ya kucha. Kila nikipita, nakuta imeongezeka.