Maji na Udongo

Kila asubuhi Venkamma alioga kisimani, akaingia jikoni na sari iliyolowa. Mpaka amalize kupika, mtu asimguse; akiguswa, ilibidi aoge upya. Mjukuu wake Shalmali akimkimbilia, Venkamma aliruka pembeni.

"Ngoja, mama! Utanirudisha kisimani!"

Alipika huku akisema misemo ya Kisanskriti, lugha ya kale ya dini yao, aliyorithi kwa baba yake. Kisha alimpakata mtoto, akamlisha wali na maziwa mgando kwa vidole vyake. Mtoto akijisaidia, alimtawaza, akasuuza mikono kwa maji, akaendelea kulisha. Sabuni hakuitaka.

"Ina mafuta ya ng'ombe, na kwetu ng'ombe ni mtakatifu. Niilete jikoni kwangu?"

Mvua zilipoanza, Shalmali aliharisha. Akapona, akaharisha tena. Siku moja macho yalimdidimia, akawa analia bila machozi. Mama yake, Sumangala, mkwe wa Venkamma, alimkimbiza hospitali. Huko walimnywesha maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, mpaka akapata nguvu.

Waliporudi, Sumangala alichukua bakuli la wali.

"Mama, kuanzia leo nitamlisha mwenyewe."

"Kwani mimi najisi?" Venkamma akauliza.

Jirani yao Girija, ambaye ni muuguzi, alikuwa amekuja kumjulia hali mtoto. Akaketi karibu na Venkamma.

"Mama, ule msemo wako wa usafi unasemaje?"

"Mwili husafishwa kwa maji na udongo, moyo kwa ukweli."

"Maji nayaona kila siku. Udongo uko wapi?"

Venkamma alitazama viganja vyake. Alimkumbuka baba yake amechutama mtoni, akisugua mikono kwa udongo.

"Niliona ni kujichafua tu," akasema polepole. "Nikauacha."

"Wazee walijua lazima kusugua. Maji matupu hayaondoi vijidudu vya choo. Vinabaki kwenye vidole na kucha, vinaingia kwenye wali. Lakini udongo wa leo umejaa samadi, tusiutumie. Shika hii. Ni sabuni ya mafuta ya nazi, haina mnyama ndani."

Venkamma akainusa. "Nazi kweli."

"Basi usije ukaitia kwenye mchuzi!"

Hata Sumangala alicheka.

Girija akamwonyesha: lowesha mikono, paka sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Suuza. Fanya hivyo ukitoka chooni, ukimaliza kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha.

"Nisugue mpaka lini?"

"Sema msemo wako taratibu, mara tatu."

Venkamma aliweka sabuni kwenye kifuu kando ya kisima. Mvua zikaendelea, lakini Shalmali hakuharisha tena. Mashavu yakajaa.

Siku hizi Sumangala akisikia msemo kutoka kisimani, hungoja uishe mara ya tatu. Kisha huweka bakuli la wali mahali anapokaa mama mkwe wake, na mtoto kando yake.